Ukitaka piano yako iguse watu, punguza mkono

Jamani leo niongee na nyie mnaopenda ile piano ya taratibu ya kina Ludovico Einaudi na Nils Frahm, ile haina maneno lakini ukiiweka usiku unajikuta umenyamaza tu. Mimi natunga za kwangu chumbani mwaka wa sita huu na hakuna anayenilipa, Jumapili nipo kwenye kibodi kanisani, kwa hiyo msinichukulie kama mwalimu, nimekosea sana ndo maana nina la kusema.

Kosa langu lilikuwa kujaza. Kanisani ndo tunavyozoea, mchungaji akinyamaza kidogo unachombeza, kwaya ikivuta pumzi unapachika akodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), sasa nikaja nayo tabia hiyo nyumbani, natunga kitu cha huzuni kumbe mkono wa kulia hautulii hata dakika. Babu alipofariki nikamtungia wimbo, nikamrushia dada WhatsApp, akanijibu "hongera mdogo wangu, una vidole vyepesi". Vidole vyepesi! Kwenye msiba!

Aliyeniokoa ni jirani. Nimepanga, ukuta wetu ni mmoja, na yeye anaamka saa kumi alfajiri kuwahi samaki soko la Feri, akigonga ukuta hana haja ya kusema neno. Hedifoni yangu ilishakufa upande mmoja, basi nikashusha sauti ya kibodi mpaka mwisho, ikawa tak tak ya vitufe inaushinda muziki wenyewe. Hapo ndo nikagundua noti zangu nyingi hazina kazi, ukizitoa hakuna kinachopungua.

Baadaye nikaja kujua Frahm naye ilimkuta Berlin. Alitaka kupiga usiku bila kuwakera majirani, akaweka kitambaa cha felti kati ya nyundo na nyuzi, maiki akazisogeza karibu kabisa, albamu ya Felt ya 2011 ikatoka hivyo, unasikia mbao zinalia na mtu anapumua. Kama kanisani kwenu kuna piano ya zamani ya kusimama, jaribu pedali ya katikati, kwenye nyingi inashusha felti hiyohiyo (ya kwetu ilikuwa imeliwa na nondo, lakini bado ilifanya kazi kidogo).

Halafu 2012 akavunjika kidole gumba. Mwingine angelala, yeye akatunga vipande tisa kwa vidole tisa vilivyobaki, akaviita Screws na kuvigawa bure siku anatimiza miaka 30. Nikasema na mimi nijaribu, nikafunga gumba la kulia na plasta wiki nzima. Siku mbili za kwanza ni mateso, mkono haujui uende wapi, ila ukishazoea unaanza kuchagua, maana huwezi kushika kila kitu. Wimbo wa babu nikaupiga upya hivyo, mkono wa kushoto akodi mbili tu zinapokezana, kulia noti nne, nyingine zote nikazitupa.

Kuna watu watakwambia huo ni muziki wa wavivu. Kusema ukweli mwingine ni wa kivivu kweli, ni wa kuwekea mahotelini. Lakini Einaudi kasoma konsavatori ya Milan, yaani chuo cha muziki, kapita kwa mtunzi Luciano Berio ambaye muziki wake ni mgumu balaa, kwa hiyo siyo kwamba mzee hajui kujaza, kaamua tu. Wewe pia jifunze akodi zako vizuri kwanza, usianze kupunguza kitu ambacho huna.

Kwenye kurekodi, usihangaike na maiki ya bei mbaya, simu inatosha kuanzia, ila iweke karibu na sauti, na pedali ikikwaruza iache usiifute. Feni zima. Najua Dar bila feni ni adhabu, mimi narekodi saa nane usiku na kanga ya mama begani ya kufutia jasho, lakini ule mvumo wa feni ukishaingia hautoki.

Nilimtumia dada ule wa pili. Alama za bluu zikatokea, kimya. Kesho yake mchana akapiga simu, hakugusia wimbo kabisa, akauliza ile redio ya babu ya mkulima iko kwa nani siku hizi.