Mpe mtoto kijiji kimoja akirudie kila kiangazi

Wiki iliyopita dada mmoja anayeishi Leicester, Uingereza, kaniandikia inbox. Ana watoto watatu, likizo ya kiangazi ndiyo hiyo inakuja, wiki sita nzima, nauli ya watu watano kwenda Tanga hawana, na watoto wenyewe wakishaamka ni simu mpaka usiku. Akauliza, "dada, wewe umekulia hukuhuku, mlikuwa mnafanyaje?" Nilimjibu kwa kifupi, lakini naona mnaouliza hivyo ni wengi, kwa hiyo leo nalimwaga lote.

Sisi tumekulia Coniston, kijiji cha kaskazini magharibi mwa Uingereza, kwenye ile sehemu ya maziwa na milima inayoitwa Lake District. Mama alipata kazi ya kuhudumia wazee, ndiyo iliyotupeleka, na miaka ya tisini watu wa rangi yetu pale tulikuwa sisi na sisi tu. Nyumba ni za mawe, nyuma yake mlima wa mita 800 na kidogo unaoitwa Old Man, juu huko kuna mashimo ya zamani walikokuwa wanachimba shaba, na chini ziwa refu jembamba, kama kilomita 8, kina chake kinafika mita 56. Mwezi wa sita maghrib inaingia karibu saa nne usiku, sasa mwambie mtoto akalale wakati nje bado kweupe na wenzake bado wanarusha mawe ziwani!

Mama alikuwa na sheria alizotoka nazo Tanga. Kila mtu mzima unayekutana naye unamsalimia, na ukikuta mtu yuko kazini humpiti hivihivi, unamuuliza nikusaidie nini. Basi sisi tukazitumia kule kama zilivyo, na ndizo zilizotufungulia milango. Jirani yetu alikuwa mama mmoja mfugaji wa kondoo wa Herdwick, kondoo wa milima ile, anazaliwa mweusi tii halafu kadiri anavyokua anageuka kijivu na uso unakuwa mweupe. Mwaka wa kwanza tulikuwa tunamchungulia tu kwenye ukuta, wa pili tukawa tunafungua na kufunga mageti kondoo wakipita, baadaye mwezi wa saba ukifika wa kukata sufu anatupigia simu nyumbani mwenyewe.

Kazi yangu mimi ilikuwa kukunja sufu. Mkataji akimaliza kondoo mmoja sufu inatoka nzima kama blanketi, unaitupa mezani, unatoa majani na vinyesi vilivyogandana, unakunja ubavu huu ndani na ubavu huu ndani, halafu unaanza kuviringisha kutokea mkiani kwenda shingoni huku unakandamiza kwa goti, kisha unaichomeka isifumuke na unaitupia kwenye gunia kubwa kuliko wewe. Mikono inakuwa laini kwa mafuta ya sufu na harufu haitoki hata uoge vipi. Na sufu yenyewe haina bei, ya Herdwick ni ngumu, mara nyingi hela unayopata haifikii hata ya kumlipa mkataji, lakini kondoo lazima akatwe. Hakuna kitu kilichonijenga kama yule mama kusema mbele ya watu wazima, bila kunitazama, "hiyo mpe yeye, anajua." Nilikuwa na miaka tisa. Mpaka leo nikiingia kwenye kikao na watu wenye vyeo naingia kama mtu aliyeambiwa anajua.

Sasa nikwambie jambo la kondoo hawa, maana ushauri wangu wote umekaa hapa. Huko juu milimani hakuna uzio. Kila kundi lina upande wake na halihami, kwa sababu mama anakwenda na mwanae, anamuonyesha hapa kuna majani, hapa tunajikinga upepo, na huyo akikua anamuonyesha wa kwake, vizazi na vizazi. Mwaka 2001 ulipoingia ugonjwa wa mifugo wa miguu na midomo, Cumbria, mkoa wetu, iliumia kuliko mkoa wowote wa Uingereza, njia za milimani zote zikafungwa, tukawa tunakanyaga dawa kila getini, na wafugaji hofu yao kubwa haikuwa pesa tu, walikuwa wanasema kundi la mlimani likichinjwa lote kwa ajili ya ugonjwa huo huwezi kwenda mnadani ukanunua jingine ukalipandisha, halitajua pa kukaa. Nilikuwa mtoto lakini hilo liliniingia.

Na wazazi wa ughaibuni ndivyo tunavyowafanyia watoto wetu, tunawapandisha mlimani bila kuwaonyesha pa kukaa. Asubuhi na jioni mtoto anaambiwa "huku si kwetu, tunapita tu." Tanga anakwenda mara moja kwa miaka mitano, akifika anaitwa mzungu. Sasa huyo mtoto kwao wapi jamani? Kiangazi mnambeba leo Blackpool, kesho London, mwakani Tenerife, picha zipo lakini hakuna hata mtu mmoja huko anayemjua jina. Acheni hayo. Chagueni sehemu moja, ndogo, mwende mwaka huu, na mwakani mwende hapohapo, mpaka wenye duka wamzoee.

Mwaka huohuo wa 2001 ndiyo walipoitoa ziwani boti ya Donald Campbell. Alikuwa anatafuta rekodi ya kasi juu ya maji, tarehe 4 Januari 1967 boti ikapita maili 300 kwa saa, ikanyanyuka, ikapinduka, ikazama naye. Mwezi wa tatu 2001 wapiga mbizi wakaivuta ikatoka, mkia kwanza, na rangi yake ya buluu bado ipo. Wazee waliosimama ufukweni siku ile walikuwa kimya kabisa, wengine walikuwepo mwaka 1967. Mwili wake nao ulipopatikana, mwezi wa tisa akazikwa kijijini, jeneza likapitishwa kwanza ziwani kwa boti, na sisi tulisimama barabarani na majirani kama watu wa pale, kwa sababu tulikuwa watu wa pale. Boti yenyewe imerudishwa kwenye makumbusho ya kijiji mwaka 2024, wanangu nimewaonyesha.

Halafu tukatolewa. Mwenye nyumba alituambia anataka kuigeuza iwe ya kukodishia watalii kwa wiki, inalipa zaidi. Mama aliomba aongezewe muda tumalize mwaka wa shule, akakataliwa kwa barua ya mistari miwili. Tukahamia mjini. Nikipita leo pale mlangoni pamewekwa kiboksi cha funguo cha namba, na milango mingine mingi kijijini ni hivyohivyo, usiku wa baridi madirisha yako giza. Sijasamehe, nasema kweli. Lakini kijiji hawakuweza kuninyang'anya, nakwenda kila kiangazi, na mwaka huu mwanangu wa kwanza kakunja sufu, wameniita nije kuona na nimejivuna mpaka nimeona haya.

Kwa hiyo dada yangu wa Leicester, treni mpaka Windermere, unabadilisha Oxenholme, halafu basi namba 505 linapita Ambleside na Hawkshead linakushusha Coniston. Lala hosteli au hema, si lazima hoteli. Ziwani kuwa makini, maji ni baridi ya kukata pumzi hata mwezi wa nane, kokoto zinateleza na kina kinakata ghafla, mtoto asiingie bila jaketi okozi na mtu mzima karibu. Jioni mkague miguuni na kwapani, kwenye majani kuna kupe. Simu mnyang'anye mchana, atalia siku ya kwanza. Wafundishe kusalimia na kufunga geti walilolikuta limefungwa, kondoo wakitoka mmeharibu jina. Na mkikuta mtu anajenga ukuta wa mawe au anahamisha kondoo, ulizeni kama anataka mkono, wengine watakataa, haidhuru, mwakani ulizeni tena.

Mkirudi niandikie, niambie nani kawapa kazi na kazi gani.