Muuzaji anasema sensa ya oksijeni itapunguza umeme wa blowa, nimuamini?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mi naangalia mtambo mdogo wa majitaka wa kiwanda hapa Tanga, matangi mawili ya hewa na moja la kutuliza tope. Blowa, zile mashine za kupuliza hewa matangini, zinapiga kazi usiku na mchana, bosi analia na bili ya umeme. Kaja muuzaji na sensa, yaani kifaa cha kupima oksijeni iliyomo majini, ya kuongoza blowa, tukajaribu, wiki moja bila sensa na wiki moja nayo, umeme ukashuka kweli. Ila mwenzangu anasema jaribio hilo bure, tungepima kwanza kwa modeli ya kompyuta, yaani mtambo wa kuigiza. Sasa kompyuta inayajuaje majitaka yetu? Msomaji, Chumbageni.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mwenzako kasema kweli. Hebu nikuulize, hiyo wiki ya pili mvua ilinyesha? Maana masika ya Tanga unayajua, maji ya mvua yakiingia tu kwenye bomba majitaka yanakuwa mepesi kama uji uliozidishwa maji, yakiwa mepesi hivo bakteria wanaokula uchafu huenda wasihitaji hewa nyingi, umeme ukashuka na sensa ikapewa sifa ambayo ni ya mvua. Halafu tope lenye bakteria hao linakaa humo siku kumi na zaidi, kwa hiyo ulichokiona wiki ya pili bado kina mkono wa wiki ya kwanza.

Modeli inakupa kitu ambacho mtambo hauwezi kukupa kabisa, inakurudishia siku ileile. Mvua ileile, uchafu uleule, unaendesha bila sensa, unarudi mwanzo unaendesha nayo. Wataalamu wa Ulaya chini ya COST, programu ya ushirikiano wa utafiti, na baadaye IWA, chama cha kimataifa cha maji, walitengeneza mtambo wa kompyuta kwa kazi hiyo tu, unaitwa BSM1, una matangi matano na unapokea wastani wa mita za ujazo 18,446 kwa siku kukiwa kikavu. Kuna faili tatu za hali ya hewa, kikavu, mvua na dhoruba, kila moja siku 14, na kila mbinu ya kuongoza mtambo inapita kwenye faili hizo hizo na kupewa alama kwa vipimo vilevile: umeme wa kupuliza hewa, umeme wa pampu, tope la kutupa, ubora wa maji yanayotoka. Na hapo ndipo watu wengi wanajikwaa, wanaangalia wastani. Kwenye BSM1 amonia ya maji yanayotoka haitakiwi kuvuka miligramu 4 kwa lita, wastani unaweza kuwa 2 safi kabisa halafu kila asubuhi mzigo ukiingia inapanda mpaka 9, na samaki hawaishi kwa wastani jamani.

Kingine, ukiweka sensa kwenye modeli usiiweke kamilifu. Sensa ya kweli inachelewa, inayumba, inaota utelezi. Mbinu inayofanya vizuri kwa sensa kamilifu tu usiinunue.

Swali lako la kompyuta inajuaje: haijui mpaka uiambie. Chukua sampuli kila masaa mawili mchana na usiku, hata saa tisa usiku uamke, chupa ziingie kwenye barafu palepale. Tope lipime kwa silinda ya lita moja, nusu saa, uandike limeshuka mpaka wapi. Na joto usilisahau, BSM1 imewekwa nyuzi 15 wakati majitaka yetu huku pwani yanakaribia 30, bakteria wanakula haraka zaidi lakini maji yenyewe yanabeba oksijeni kidogo, kama miligramu 7.5 kwa lita badala ya 10, kwa hiyo namba za Ulaya ukizichukua zilivyo zitakudanganya kwenye hiyohiyo bili ya blowa.

Sensa usiirudishe bado. Mwambie muuzaji akuachie mpaka umalize sampuli, na siku ya mvua kubwa ya kwanza uwe pale na chupa zako.