Mvua ikiwafungia ndani, ingia mchezoni na wewe

Dodoma yetu ina msimu mmoja tu wa mvua, Desemba hadi Aprili hivi. Miezi inayobaki tunapigana na vumbi na upepo, kwa hiyo mvua ikija kweli inatukuta hatujajipanga. Mtaa unageuka tope, likizo ya Desemba imewarudisha watoto wote nyumbani, na umeme nao ukikatika hakuna cha katuni wala nini. Hapo wazazi wengi huanza kuulizana: nimnunulie nini huyu mtoto atulie?

Mimi sinunui kitu. Natafuta mchezo ambao hata mimi nikikaa nitaufurahia, kwa sababu watoto wana macho makali. Wakiona umekaa nao huku unachungulia simu, mchezo umekufa palepale.

Kwetu mfalme ni bao. Msimtafute seremala. Trei ya mayai ina mashimo 30, matano kwa sita, na bao la Kiswahili linataka 32, yaani safu nne za mashimo manane. Chukua trei mbili. Ya kwanza ikate ubaki na safu nne za mashimo sita, ya pili ukate kipande cha safu nne za mashimo mawili mawili, kisha viunge juu ya kadibodi kwa uji mzito wa unga wa ngano. Kazi hiyo peke yake inakula asubuhi nzima, na ndiyo nia.

Kete zinatakiwa 64. Katika mkoa wenye mibuyu kama huu wetu, kwa nini uhangaike? Nunua ubuyu sokoni. Chemsha sukari na maji kidogo mpaka iwe nzito, tia rangi na iliki, mimina ubuyu, geuza haraka kabla haujagandana. Jikoni asimamie mtu mzima, maana sukari ya moto inaunguza vibaya kuliko maji. Ukipoa, kila mtu amung'unye fungu lake na kurudisha mbegu. Zioshwe, zianikwe, tayari kete. (Mwanangu wa kati alikuwa mchangiaji hodari kuliko wote, sababu mnaijua.) Watoto wadogo wanaopenda kuweka kila kitu mdomoni msiwape mbegu hizo, zinaweza kuwakaba.

Wanaoanza wasisumbuliwe na hatua ya kunamua, ile ya kuingiza kete moja moja kutoka mkononi. Wapangieni kete mbili mbili kila shimo, waanze kutembeza na kula. Siku watakayokufunga kwa haki ndiyo watakayoanza kuomba wafundishwe bao lenyewe.

Giza likiingia, vitendawili. Kila mtu anajua "Kitendawili!" na "Tega!", ila utamu wetu uko kwenye "nipe mji", pale walioshindwa kujibu wanapompa mtegaji mji. Tuna sheria mbili: mji ukishatolewa haurudiwi usiku huo, na anayeutoa lazima aseme uko mkoa gani. Mwanzoni wote wanakimbilia Dar es Salaam, Mwanza na Arusha. Ikiisha hiyo wanaanza kukuna vichwa, wanakuja Kondoa, Mpwapwa, Kongwa, halafu anatokea mmoja anatoa Tunduma na hajui iko Songwe. Hapo ugomvi wake si mdogo. Tanzania ina mikoa 31, kwa hiyo uwanja ni mpana. Mtegaji akishapewa mji lazima asimulie amekwenda huko, amekula nini, amekutana na nani, ndipo atoe jibu. Wengine huku wamegeuka waongo wazuri sana.

Kama mna bibi au babu ndani ya nyumba, msimketishe pembeni kama mgeni. Mama mkwe wangu ni Mgogo, na kwa Wagogo ngoma ya muheme hupigwa na wanawake. Nikampa ndoo tupu. Nikawapa mabinti madumu. Kila asubuhi sasa hawanywi chai mpaka wamwitikie salamu ya Kigogo, "mbukwenyi", vizuri, halafu wanadai somo. Makelele? Yapo, tena mengi. Mvua ikipiga bati hakuna jirani atakayesikia, na mvua ikikatika tunaacha. Kama kwenu bibi ni Mrangi au Mnyaturu, ana yake; mwombeni. Wazee wengi wanasubiri kuombwa tu.

Mdako hauhitaji maelezo. Kwenye sakafu ya simenti chora duara kwa chaki badala ya kuchimba shimo, basi. Kombolela ndani ya nyumba mimi nimeipiga marufuku kwa ajili ya sufuria zangu.

Kijana wa sekondari ndiye mgumu. Ukimwita kucheza anakuambia hayo ya watoto. Usimwite kucheza, mpe cheo: awe mwamuzi wa bao, mwenye daftari la matokeo, mwenye kauli ya mwisho Tunduma ikileta ubishi. Simu yenye ramani abaki nayo yeye peke yake, na bando likiisha atumie atlasi ya shule.

Na kuna saa ambazo hakuna atakayetaka kucheza na yeyote. Waache. Karanga za mboga ya jioni zinasubiri kubanguliwa, ungo uweke katikati ya sebule bila kumwita mtu. Watakuja wenyewe, japo nusu ya karanga itaishia midomoni.