Figo Hazifeli

Swali: Mtoto amehara damu siku kadhaa, kisha hakojoi. Tuseme figo zake "zimefeli" au "zimekufa"? Na akipauka, ni sahihi kusema "damu imeisha"?

Jibu: Nianze na "zimefeli", neno linalonikera kila ninapolisikia wodini. Feli ya kale, iliyotoka Kiarabu, ni nomino yenye maana ya kitendo, hasa kiovu. Hii ya sasa ni kitenzi tulichokitwaa kutoka Kiingereza, kikalelewa darasani, na darasani ndiko kwake. Anayefeli ni mtahiniwa: ameulizwa, amekosea, matokeo yamebandikwa ukutani. Figo za mtoto zimeulizwa nini? Zilichofikwa ni sumu. Baadhi ya bakteria wa E. koli, hususan aina ya O157, huingia kwa chakula au maji yaliyochafuliwa, hukaa utumboni, na sumu yao hupenya kwenye damu hadi kwenye vishipa vyembamba vya figo. Kuta za vishipa hivyo hujeruhiwa, damu huganda humo na kuziba njia, na chembe nyekundu zinapojipenyeza hukatika vipande. Ukizitazama kwa hadubini utaziona zina ncha kama vigae vya chungu kilichovunjika. Figo hizo zimeshambuliwa, zimezibwa, zimeelemewa, nasi tunaziandikia sifuri!

"Zimekufa" ni ovu zaidi, kwa kuwa mara nyingi si kweli: watoto wengi wenye ugonjwa huu hupona, baadhi yao baada ya kusafishwa damu kwa mashine kwa siku au wiki kadhaa, na mkojo ukarudi. Tuseme "figo zimeshindwa kufanya kazi", maana kushindwa hutaja mzigo uliozidi nguvu, na aliyeshindwa leo aweza kuweza kesho. Ni maneno mengi, lakini mzazi aliyesimama kando ya kitanda anastahili kuambiwa kwa ukamilifu.

"Damu imeisha" nimeizoea, sitagombana nayo majumbani. Kwenye maandishi ya kitabibu iwe "amepungukiwa damu", kwa sababu chembe zimevunjwa ndani kwa ndani, na upungufu huo hautokani tu na damu iliyoonekana chooni.

Bado neno moja, nalo umelitumia vizuri mwenyewe: "hakojoi". Dalili hizi huja takriban wiki moja baada ya kuanza kuhara, pengine tumbo limeshatulia na watu wameshafurahi. Nepi ikikaa kavu tangu asubuhi, mzazi asihangaike kutafuta jina la ugonjwa, ampeleke mtoto hospitali siku hiyo hiyo, na mlangoni aseme: "Alihara damu, sasa hakojoi."