Barua kwa Mwanangu: Beseni la Nanyuki

Mwanangu,

Picha yako ya darasani nimeiona. Vumbi la chaki limekupanda hadi kiwikoni, na bado muhula haujafika katikati. Umekuwa mimi kabisa.

Umeniuliza: mwanafunzi akikuuliza swali ambalo jibu lake hulijui, useme hujui au utafute pa kutokea? Sema hujui. Hilo halina mjadala. Watoto wa kidato cha tatu humjua mwalimu anayebabaisha kabla yeye mwenyewe hajajijua. Linalonikosesha usingizi mimi ni jingine: kile unachokijua, tena unakijua sana, kumbe hujawahi kukipima hata siku moja. Umenisikia nikisema tangu hujaota meno: pima kwanza, ubishe baadaye. Sasa nikwambie nilikolipata neno hilo.

Safari ya Nanyuki ya 1996. Kisa cha upande wako, ulivyoachwa kwa bibi yako Kisauni ukalia siku tatu, tunakisikia kila Idi. Changu sijawahi kukisimulia chote.

Tulitoka Mombasa usiku na wanafunzi 38, tukafika Ikweta kesho yake saa nane mchana, Mlima Kenya umejificha mawinguni. Pale kwenye kibao palikuwa na kijana mwenye beseni lililotobolewa katikati, jagi la maji na vijiti vya kiberiti. Akatupeleka hatua 20 kaskazini, akaziba tundu kwa kidole, akamimina, akaachia. Kijiti kikazunguka kufuata mwendo wa saa. Hatua 20 kusini, kikazunguka kinyume. Juu ya mstari wenyewe maji yakashuka wima, kijiti kimetulia. Wanafunzi wakapiga makofi. Watalii wawili, mtu na mkewe, wakatoa noti wanunue vyeti vya kufika Ikweta.

Nami nikashindwa kunyamaza. Wenzangu walitazama kijiti, mimi nilitazama mabega yake. Kila akimaliza kumimina aligeuka kutuelekea, na beseni likageuka naye: upande huu kwa bega la kulia, upande ule kwa la kushoto. Maji huuweka msukumo huo mdogo, na yakijibana kuingia tunduni mzunguko huongeza kasi. Basi, ndiyo siri yote. Nikaieleza kwa sauti ya darasani, watu wote wasikie. Nikaongeza kwamba dunia kweli huzungusha vimbunga, lakini haina habari na beseni, na kwamba hata huo upande aliouchagua kaskazini si ule wa vitabuni. Watalii wakarudisha noti mfukoni. Kijana hakunijibu. Alisimama tu, maji yakimchuruzika mkononi.

Hapo ndipo yule msichana wa Likoni, ambaye mwaka mzima hakuwahi kuinua kidole, akasema: "Lakini Mwalimu, mwaka jana ulituandikia hivyohivyo."

Ni kweli, niliwaandikia. Maji ya sinki kaskazini huzunguka hivi, kusini vile. Niliinakili kwenye madaftari yangu ya chuo, na aliyenifundisha alinakili kwa mwingine. Ukweli niliusoma likizo ya Aprili, nikaazimia kuwasahihishia, nikasahau. Au nilijisahaulisha. Unajua nilimjibu nini mtoto wa watu? "Ingia kwenye basi."

Usiku ule nilipiga hesabu nyuma ya orodha ya majina ya wanafunzi. Pendulumu ya Foucault, lile tufe zito la waya mrefu ambalo mwanafizikia huyo Mfaransa alilitundika Paris mwaka 1851, huyumba huku na huko, na mstari wake wa kuyumba hugeuka polepole kwa sababu ya mzunguko wa dunia; huchukua karibu saa 32 kumaliza duara. Hapa kwetu Mombasa ingechukua kama siku 14. Hatua 20 kutoka Ikweta? Zaidi ya miaka 1,000. Na maji ya yule kijana yaliisha kabla hujahesabu hadi 60.

Hesabu ilikuwa sahihi, ila bado nilikuwa sijapima. Ndiyo sababu lile beseni la buluu mlilokuwa mkiogeshwa lina tundu. Nilikuwa nalijaza jioni, nalifunika kwa kanga upepo usiliguse, na alfajiri nachomoa kizibo kwa chini. Mara 20: kulia 11, kushoto 9. Babako, Mungu amrehemu, alidhani nimerogwa. Baadaye nikasoma kwamba mhandisi mmoja, Ascher Shapiro, alifanya jambo hili Marekani mwaka 1962, chombo chake kina upana wa karibu mita mbili, na maji aliyaacha yatulie saa 24. Yeye aliyaona yakifuata dunia, kinyume cha mwendo wa saa. Kwa hiyo hata "haina habari na beseni" nililipayuka tu. Inayo habari, ila ndogo mno, kwa mwenye subira ya siku nzima. Pima kwanza!

Je, nilikosea kumsema yule kijana? Alikuwa akidanganya watu, na darasa langu lilikuwa mbele yake. Ningenyamaza ningekuwa mwalimu wa aina gani? Lakini nilimnyang'anya mlo wake wa siku kwa uongo ambao mimi nililipwa mshahara kuufundisha. Tofauti yetu ilikuwa chaki. Ningeweza kumvuta kando. Ningeweza kungoja watalii waondoke... lakini basi nao wangedanganywa. Ukinibana nitasema kwamba... hapana, sisemi. Wewe ndiye mwalimu sasa.

Jumatatu nilisahihisha mbele ya darasa zima, ila sikusema ni nani aliyenikumbusha. Nilipokusanya madaftari nikakuta yule msichana ameikata notisi ya zamani kwa rula, mstari mmoja, na pembeni ameandika tarehe ya safari. Nikatia vema, nikamrudishia. Neno sikuandika.

Beseni lingali stoo, nyuma ya cherehani. Ukija Desemba lichukue, ila utafute kizibo kingine. Kile kimeliwa na panya.

Mama yako