Maswali na majibu: vigogo wa serikali za Ulaya husomea wapi?

Nasikia Ufaransa ilifunga chuo kilichotoa marais. Kilikosa nini? (Msomaji, Morogoro)

Chuo hicho ni ENA, yaani Chuo cha Taifa cha Utawala. Kilianzishwa Oktoba 1945, vita vimekwisha tu, chini ya serikali ya Jenerali de Gaulle, kwa nia njema kabisa: vyeo vya juu serikalini vipatikane kwa mtihani wa wazi, si kwa kujuana. Marais Giscard d'Estaing, Chirac, Hollande na Macron wote walipita humo.

Kasoro kubwa, kwa maoni yangu, ilikuwa siku ya mwisho. Wahitimu walipangwa kwa alama. Wa kwanza akachagua kituo cha kazi anachotaka, wa pili akafuata, hivyo hivyo hadi wa mwisho akachukua kilichobaki. Kumi na tano hivi wa juu waliingia moja kwa moja kwenye vyombo vikubwa, kama ukaguzi mkuu wa fedha. Kijana hajawahi kuongoza hata ofisi ndogo ya mkoani, tayari njia yake ya miaka arobaini imeshachorwa! Hasira za wananchi dhidi ya tabaka hilo zilipolipuka kwenye maandamano ya vizibao vya njano, yaliyoanza 2018 kwa kupinga kodi ya mafuta, Macron mwenyewe akaamua kukivunja chuo. Tangu Januari 1, 2022 kuna chuo kingine badala yake, INSP, na wahitimu wake huanzia kwenye kada moja ya watawala wa serikali. Hilo ndilo badiliko la maana, kuliko jina jipya.

Na Wajerumani? (Msomaji, Nakuru)

Kwa muda mrefu wamewapendelea wanasheria. Baada ya mtihani wa kwanza wa taifa, mwanasheria hufanya mafunzo ya vitendo ya miaka miwili: mahakamani, kwa mwendesha mashtaka, kwa wakili, na katika ofisi ya serikali. Wengine hutumia miezi mitatu ya muda huo katika mji wa Speyer, kwenye chuo cha utawala kilichoanzishwa 1947. Ni mafunzo mazuri ya sheria, ila kuongoza watu ni somo jingine.

Je, nchi inaweza kufanya bila chuo? (Msomaji, Zanzibar)

Uingereza ilijaribu. Chuo chake cha watumishi wa umma kilifunguliwa 1970, na mrithi wake akafungwa 2012. Naamini walikosea: kozi za kununua huku na huku hazijengi kumbukumbu ya taasisi.

Anayesomeshwa na serikali akikimbilia kampuni binafsi? (Msomaji, Mwanza)

Poland ina chuo cha taifa cha utawala, KSAP, tangu 1990, na mhitimu hulazimika kutumikia serikali miaka mitano isiyopungua. Ni haki.

Katibu mkuu mzima arudi darasani kweli? (Msomaji, Mombasa)

Arudi, tena yeye hasa. Uholanzi tangu 1995 ina idara inayowalea viongozi wa juu wa wizara zote, kuwanoa na kuwahamisha. Makatibu wakuu na wakurugenzi wakuu hawazidishi miaka saba kwenye kiti kimoja, kwa hiyo kujifunza wizara mpya ni sehemu ya kazi yenyewe.