"Huungana na" au "huunganishwa na"?

Mwalimu wa baiolojia wa Masasi anawaandalia wanafunzi wake maelezo ya Kiswahili kuhusu homoni za steroidi na vipokezi vyake, yaani protini za seli zinazozipokea. Ameandika: "Vipokezi huunganishwa na homoni, kisha huamsha jeni." Mwenzake kamsahihisha: "huungana na homoni". Anauliza nani yuko sahihi.

Mwenzako, Mwalimu, ingawa naye kaacha kiporo. Kinachosumbua ni "na". Baada ya kauli ya kutendwa humtaja mtenda: wali umeliwa na paka. Kwingine humleta mwenza: Mtwara inapakana na Lindi. "Unganishwa" hubeba zote mbili, ndiyo maana tunasikia "Tanzania imeunganishwa na Msumbiji na Daraja la Umoja", na msomaji haparaganyiki kwa kuwa anaijua Mtambaswala, pale mpakani lilipo daraja hilo. Mimi ningeandika "kwa Daraja la Umoja", yakaisha.

Ndani ya seli msomaji hana Mtambaswala. Sentensi yako yaweza kusomeka kwamba homoni ndiyo inayovikutanisha vipokezi. Na hapo ndipo penye mtego, maana estrojeni, mojawapo ya homoni hizi, ikishaingia kwenye vipokezi vyake, kwa kawaida vipokezi hivyo hukaa viwili viwili juu ya DNA. Mwanafunzi ataisoma vibaya na bado aone mambo yanakubaliana.

Kila tendo lipewe kitenzi chake. Homoni huingia kwenye kipokezi. Kipokezi cha kotisoli, homoni nyingine ya steroidi, kabla ya hapo huwa kimeshikiliwa na protini nyingine nje ya kiini cha seli ("na" ya mtenda, safi kabisa). Kikiachiwa, huingia kiini. Vipokezi viwili hushikana, kwa kuwa kila kimoja hukishika kingine. Kisha hushika DNA. "Hushikamana na DNA" si kosa, ila linapoza: kipokezi huchagua mahali pake, hakinati ovyo.

"Huamsha jeni" ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu linaruka kazi yote. Kipokezi hakinakili chochote. Homoni ikiingia, kipande kidogo cha mwisho wa kipokezi huifunika kama kawa, na kwa kujifunika huko hupatikana kijishimo ambamo protini saidizi hushikia. Hizo ndizo zinazolegeza DNA iliyoviringwa kwenye protini ziitwazo histoni na kusaidia kuileta polimerasi ya RNA, mnakili mwenyewe. Kauli ya kutendesha ipo kwa kazi hii: kipokezi hunakilisha jeni. Masikio yakigoma, kumbuka tunasema "fikirisha" bila kusita. La sivyo andika "huwezesha jeni inakiliwe".

Ukifika kwenye tamoksifeni, dawa ya baadhi ya saratani za matiti, usiandike kwamba inazuia kipokezi "kuungana". Kwenye seli za titi dawa hukaa palepale pa estrojeni, kipokezi hushika DNA vilevile, ila kile kifuniko hulalia kijishimo chenyewe. Andika: "protini saidizi hukosa pa kushikia."